Apolonia na Unga Uliokataa Kuanguka

Apolonia Kondo alizaliwa pua imekunjamana. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ameinusa dunia na hakuipenda, na kama mlango wa nyuma ungekuwa wazi angerudi alikotoka. Tangu hapo alikuwa mtu wa kinyaa. Kikombe alichonywea mgeni alikisugua kwa majivu mpaka ua lililochorwa likang'oka. Mume wa kwanza yeye ndiye aliyemfukuza, kosa lake kucheua wakati wa kula, wa pili alikufa kabla hajapata kosa la kumfukuzia. Na siku mchuuzi mmoja kutoka Kilwa Masoko alipoapa kwa Mungu kwamba changu wake wamevuliwa alfajiri ile, Apolonia alitapika kabla kapu halijafunuliwa. Ndiyo maana watu wa Nampunga walisema yule mama hanusi samaki, ananusa uongo wenyewe.

Nampunga ni kijiji cha vilima, mbali kidogo na barabara ya lami ya Nangurukuru. Watu wake wanalima muhogo, ufuta na korosho. Ukoo wa Apolonia ulikuwa nusu msikitini nusu kanisani, kwa sababu mama yao, Somoe, aliolewa kwanza na Mkatoliki akamzaa Apolonia, kisha akaolewa na Mwislamu akamzaa Mfaume. Siku ya kumzika Somoe ilisomwa dua na ikasaliwa rozari, na mvua ikanyesha kwa pande zote mbili bila ubaguzi. Wakamlaza juu ya kilima, wanakolazwa watu wote wa ukoo ule. Pembeni yake wamelala mapacha wa Apolonia, ambao hawakufikisha umri wa kuota meno. Kila baada ya palizi Apolonia alipanda kule na jembe, akafyeka, akawapa habari za kijiji, kisha akashuka.

Ndipo ilipogundulika kwamba kilima kizima, kutoka unyayo hadi utosi, ni jasi.

Jasi lenyewe si kitu cha ajabu. Ni jiwe laini, jeupe, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. Likichomwa na kusagwa linakuwa ule unga ambao mafundi wa dari wanauita jipsamu: ukiutia maji, unashikana kuwa jiwe tena. Watu wa kampuni waliochimba shimo la majaribio chini ya kilima walikuja na gari jekundu kwa vumbi la barabara, wakaondoka nalo likiwa jeupe kama bibi harusi. Vumbi lile halikuchagua pa kutua. Liliingia kwenye maji, kwenye kope za kuku, kwenye makopa ya muhogo yaliyoanikwa. Na makopa ni meupe, jasi ni jeupe, sasa nani atajua? Msimu ule watu wa Nampunga walikula ugali unaosaga meno. Mzee Alfani, mkubwa wa ukoo, alidai kwamba alipiga chafya ikatoka chaki nzima, akampelekea mwalimu, naye mwalimu akaiandikia.

Apolonia alianika makopa yake ndani ya nyumba, uvunguni mwa kitanda, na bado aliyapata na vumbi. Alitema mate mpaka mate yakaisha.

Hata hivyo hakuwa na ugomvi na jasi. Upande wa bondeni alikuwa na mikorosho, na watu wa kampuni walipoiomba, aliitoa. Bondeni chimbeni, alisema, korosho hazina majina. Ugomvi ulikuja walipotaka kupanda juu.

Msemaji wa kampuni aliitwa Leonard, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na heshima sana. Aliwaamkia wote shikamoo, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akageukia gari, akatoa kichupa mfukoni, akajipaka dawa ya vijidudu viganjani. Apolonia alimwona. Akasema moyoni: angalau mmoja wetu hapa anaona kinyaa waziwazi.

"Wazee wangu, mama zangu," Leonard alianza, "mmekalia utajiri. Viwanda vyetu vya saruji vinataka jasi. Chaki za wajukuu zenu zinataka jasi. Dari za nyumba za kisasa zinataka jasi. Kwa nini nchi iagize kutoka nje kitu ambacho Mungu ametuwekea nyumbani?"

Watu wakapiga makofi. Apolonia akanyanyua mkono.

"Na wafu wetu, mwanangu, tutaagiza wengine kutoka wapi?"

"Mama, makaburi yatahamishwa kwa heshima zote."

"Utawahamisha wewe? Na kile kichupa chako?"

Watu wakacheka, hata Leonard akacheka, ila masikio yake yakabadilika rangi. Akasema kampuni haitapanda kilimani mpaka ukoo ukubali kwa mila yake wenyewe. Hilo ndilo neno zuri pekee alilosema siku ile, na alilisema mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo hakuweza kulimeza tena.

Mila ya ukoo ule iko wazi, hata mtoto anaijua. Mkikusudia jambo kubwa, mwanamke mkubwa wa ukoo anatwanga unga wa mtama. Jioni, mjomba wa ukoo anaumimina taratibu juu ya kaburi la mkubwa, unafanya kichuguu chenye ncha, mnaondoka. Asubuhi mnarudi kutazama. Kichuguu kikikutwa kimesimama na ncha yake, wazee wamekubali. Kikikutwa kimeanguka, wamekataa, nendeni mkalale. Wakikubali, unga ule unakusanywa, unachanganywa na maji, na wakubwa wote wanakunywa funda moja moja. Hapo neno limefungwa, hakuna wa kulifungua.

Mwanamke mkubwa alikuwa Apolonia. Mjomba wa ukoo alikuwa Mfaume, mdogo wake, mtu aliyelelewa mgongoni mwa dada yake mpaka miguu yake ilipokuwa inaburuta chini.

Apolonia alitwanga, Mfaume akamimina juu ya kaburi la Somoe. Asubuhi wakakuta njiwa wamekula ubavu mmoja, sisimizi wamebeba wa pili, na katikati kuna alama ya mkia wa kenge aliyepita akiwa na haraka zake. Kichuguu hakikuwa kichuguu tena.

"Mama amekataa," akasema Apolonia, akajifunga kanga vizuri ashuke.

"Dada, ngoja kwanza," Mfaume akasema. "Kenge si mama. Huenda mama hakusikia swali. Mila inaruhusu kuuliza mara ya pili."

Ni kweli mila inaruhusu. Lakini Apolonia alimtazama mdogo wake, akaona viatu. Mfaume hakuwa mtu wa viatu. Vilikuwa viatu vizito vya mgodini, vyenye chuma puani, na alikuwa anatembea navyo kama jogoo aliyekanyaga gundi. Alikuwa ameahidiwa kuwa msimamizi wa walinzi. Khamisi, mpwa wao, alikuwa ameahidiwa usukani wa lori. Mzee Alfani alikuwa ameahidiwa dari la jipsamu, yeye ambaye nyumba yake haikuwa na mlango.

"Ulizeni," akasema Apolonia. "Nitatwanga."

"Hapana dada, pumzika. Mgongo wako huo. Safari hii Shamimu ameshatwanga." Shamimu alikuwa mke wa Mfaume, mwanamke ambaye mtama kwake ulikuwa unaota kwenye kinu kwa kukosa mchi.

Jioni ile Mfaume alimimina unga kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akiwa amewapa watu mgongo. Ulikuwa mweupe mno. Mtama wa Nampunga una wekundu kidogo, lakini jua lilikuwa limeshuka na manyunyu yalikuwa yanaanza, kila mtu alikuwa anafunika kichwa chake na kushuka.

Kumbe mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Si manyunyu tena, mvua yenyewe, ile ya kuzoa mbegu za watu shambani na kuzipeleka kwenye shamba la jirani. Asubuhi kijiji kizima kikapanda, na Leonard akapanda akiwa amekunja suruali. Na kichuguu kilikuwa pale. Kimesimama. Ncha yake kali kama ya sindano ya magunia.

"Allahu akbar!" Mfaume akapaza sauti.

"Mama amekubali!" Khamisi akadakia, na Shamimu akapiga vigelegele vitatu vinne kabla hajapumua.

Kuku mmoja wa kijijini, aliyewafuata watu akitumaini chochote, alijongea kichuguu, akadonoa. Ti! Akatikisa kichwa. Akadonoa tena. Ti! Akawatazama watu wote pale, mmoja mmoja, kwa dharau ambayo hakuna kuku aliyewahi kuwatazama nayo binadamu, akaondoka akipepesuka, na tangu siku ile mdomo wake ulikaa upande. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari wao mrefu, wakafika kwenye kichuguu, wakakizunguka, wakaendelea na safari.

Apolonia alipiga magoti kwenye kaburi la mama yake. Aligusa ncha kwa kidole. Ilikuwa jiwe. Akalamba kidole. Ladha ile ilimpanda puani, ladha ya ubao wa shule, ladha ya ukuta mpya, na nyuma yake ikaja harufu nyingine aliyoijua zaidi, ya yule mchuuzi wa changu. Wamemmwagia mama jipsamu usoni, akawaza. Mwanawe mwenyewe aliyemnyonyesha.

Alitaka kutapika palepale. Akajizuia. Akainuka, akatazama nyuso za ndugu zake, na jambo lililomuumiza kuliko yote ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Khamisi alitazama mbali. Mzee Alfani alikuwa anakagua kucha zake. Wote walikuwa wamemwona yule kuku. Wote walijua mvua ilinyesha vipi. Apolonia akajua kwamba neno moja la kweli kutoka kwa mmoja wao lingetosha, na akaamua kuwapa nafasi ya kulisema.

"Vizuri," akasema. "Mama amekubali. Basi tunywe."

"Kunywa tena, dada?" Mfaume akauliza.

"Ndiyo mila. Au mila imeishia kwenye kumwaga?"

Kikaletwa kinu, maana kichuguu hakikuvunjika kwa mkono. Shamimu alitwanga, ko! ko! ko! kama anayepasua kokoto, na mchi ukapata ufa. Wakautia unga wake kwenye kata na maji, wakakoroga. Apolonia akaishika kata yeye mwenyewe, akaenda kwa kila mkubwa wa ukoo, akampa uso kwa uso, akimkazia macho.

"Babu Alfani, karibu uji."

"Ahsante, mjukuu." Mzee Alfani akafumba macho, akameza. Koo lake likafanya kelele ya mlango usiotiwa mafuta.

"Khamisi, mwanangu. Una la kusema kabla hujanywa?"

"Sina, mama mkubwa." Akanywa.

Akanywa Shamimu, machozi yakamtoka, akasema ni furaha. Wakanywa wengine. Mfaume alikunywa mafunda mawili kuonyesha ukweli wake, akajifuta mdomo, ukabaki mstari mweupe juu ya masharubu.

"Na mgeni wetu?" Apolonia akamgeukia Leonard.

"Mama, samahani sana, nina vidonda vya tumbo."

"Ndiyo, utakuwa navyo."

Ikabaki zamu yake. Ukoo wote ukamtazama. Apolonia alinusa kata, akaigeuza, akaimwaga taratibu juu ya vile viatu vya Mfaume vyenye chuma puani.

"Mimi sinywi dari," akasema. "Nyie mmekunywa. Hata mbwa ananusa kwanza. Mmemdanganya mama yenu aliyekufa, kisha mkanywa uongo wenu kwa kata ili msionekane waongo. Tendeni mnavyotaka. Mnanitia kichefuchefu."

Akashuka peke yake, na njiani akatapika mara mbili, safari hii kwa raha.

Juu wakashauriana. Leonard akauliza kama mtu mmoja anaweza kutengua mila. Mzee Alfani, akishika tumbo, akasema wakubwa wamekunywa, mmoja aliyekataa ni mzee wa kinyaa tangu kuzaliwa, neno limefungwa. Tingatinga litapanda kilimani wiki inayofuata. Apolonia aliletewa habari hiyo akiwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua, lakini mboga zote alizitupa na vijiti akavitia chunguni.

Sasa, jambo lililofuata halifai kusemwa mbele ya watu wanaokula, kwa hiyo mwenye sahani aiweke chini.

Wakubwa wa ukoo walifunga choo.

Hawakufunga kama watu wanavyofunga wakila mapera mengi. Walifunga kama nyumba inavyofungwa mwenyewe akihamia Mtwara. Siku ya kwanza walitembea wakicheka. Siku zilizofuata walitembea wamepanua miguu. Shamimu akikaa, ilisikika kama mtungi umewekwa sakafuni. Mzee Alfani aligongwa tumbo na mbuzi wa jirani, na mbuzi ndiye aliyelala chini. Mfaume, wa mafunda mawili, alikuwa hawezi kuinama kufunga viatu vyake, akawa anafungwa na mkewe, naye mkewe haoni vizuri kwa machozi.

Mwisho wakapakiwa wote kwenye gari la kampuni kwenda zahanati, karibu na Nangurukuru. Apolonia alikwenda pia. Mgonjwa hapelekwi bila ndugu, na hata ukimchukia mtu, ukoo ni ukoo. Alibeba chupa ya chai, akakaa kwenye benchi, akamimina kikombe chake alichotoka nacho nyumbani.

Muuguzi aliitwa Cecilia, mwanamke mnene asiyependa mzunguko. Akamlaza Mfaume kitandani, akamgonga tumbo kwa kidole. Likaitika.

"Baba, umekula nini?"

"Uji, sista. Uji wa mtama."

"Mtama haufanyi hivi. Mimi nimelelewa na mtama. Sema ukweli, maana nikikupa dawa ya mtama na tumboni kuna kitu kingine, utapasuka hapa, na ninayefagia ni mimi."

Mfaume alikunja uso. Hapo ndipo penyewe. Akisema ni mtama, tumbo litabaki vilevile. Akisema ni nini hasa, kilima kimekwenda, na viatu vimekwenda. Wenzake waliokuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja ameshika tumbo kama mwenye mimba ya miezi tisa, walimtazama, na Leonard aliyesimama mlangoni alimtazama zaidi. Mfaume akamgeukia dada yake kwa yale macho aliyokuwa anamgeuzia utotoni, akivunja chungu na kutaka yeye aseme ni paka.

"Dada," akanong'ona. "Mwambie wewe."

"Mimi sikunywa," akasema Apolonia, akapuliza chai yake. "Sijui kilichomo."

Tumbo la Mfaume likatoa sauti kama gunia la mawe linaloburutwa. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio. Akasema kitu, kidogo.

"Paza sauti, baba," akasema Cecilia, "hiyo mashine ya kusaga hapo nje inanitia uziwi."

"Jipsamu!" Mfaume akapiga ukelele. "Jipsamu, sista! Ya dari! Nilimmwagia mama yangu jipsamu ili isimame, na tumeinywa wote, na tulijua, wote tulijua! Nitoe, kwa jina la Mungu, nitoe!"

Kama bahati, saa ileile mashine ilikuwa imezimwa. Benchi zima lilisikia. Mwanamke aliyeleta mtoto mwenye homa alicheka mpaka mtoto akapona. Habari ilikwea bodaboda, ikafika Kilwa Masoko kabla ya basi la asubuhi, na ofisini wilayani kila aliyeingia kupeleka shida zake alianza kwanza kuulizwa kama anatoka kwenye ule ukoo wa dari.

Cecilia aliwatibu. Namna alivyowatibu isielezwe. Itoshe kwamba choo cha zahanati ile ilibidi kijengwe upya, na mafundi walisema kokoto zilizopatikana ni nzuri.

Tingatinga halikupanda. Leonard alikuwa amesema mbele ya watu kwamba bila mila hawapandi, na sasa mila ilikuwa imelala zahanati ikilia. Kampuni ikahamisha machimbo bondeni, palipokuwa na mikorosho ya Apolonia, na jasi likatoka huko, jingi tu. Malori yakaanza kupita. Khamisi alipata usukani wake baada ya yote. Mfaume akapewa ulinzi wa kawaida, bila usimamizi.

Mngedhani Apolonia alifurahi. Hakufurahi. Kilima alikipata, lakini ndugu alikuwa amewaona walivyo, na mtu akishawaona watu wakinywa kile kitu huku wakimtazama machoni, hawezi tena kula nao sahani moja. Walimpita njiani wakiwa na kope nyeupe, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama miguu yao. Pilau ya harusi ya ukoo alipelekewa, akawapa kuku. Akiulizwa, alisema hana hasira, ana kinyaa, na hasira ina dawa.

Msimu mmoja baadaye alikuwa kilimani anafyeka. Alisikia mtu anapanda kwa kupumzika pumzika, na akajua ni nani kabla hajageuka. Mfaume alikuwa amekonda. Kikohozi cha vumbi kilikuwa kimemkamata, naye alikuwa pekupeku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefuata nini? Unga umeisha?"

Mfaume alikaa chini mbali kidogo na kaburi la mama yao, kama mgeni asiyekaribishwa mkeka. Akachezea majani. Akakohoa.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Watu wa ukoo wanasema maneno. Wanasema aliyetaka kuuza kitanda hana haki ya kulala. Sasa mimi, dada... siku yangu ikifika. Mtaniweka wapi?"

Apolonia aliacha kufyeka. Pua yake ilikunjamana mpaka ikakaribia kupotea. Alimtazama yule mdogo wake aliyezeeka, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimnawisha makamasi miaka yote ile. Chini bondeni lori lilikuwa linahangaika na gia. Akatazama kaburi la mama. Akatazama ya mapacha. Kama ingekuwa shauri lake mwenyewe, angemwonyesha lile shimo la kampuni, huko ndiko kwenye dari analolipenda. Lakini kilima hakikuwa chake peke yake, na hata yeye alijua hivyo. Ndicho alichokuwa anapigania.

Akamtupia jembe.

"Pale," akasema. "Miguuni pa mama. Usifikiri ni mimi. Mama ndiye asiyekuwa na kinyaa, alikuosha wewe. Safisha mwenyewe, mimi majani yako siyagusi."

Mfaume aliinuka, akashika jembe, akaanza kufyeka, akikohoa na kulia na kufyeka. Apolonia alikaa juu ya jiwe, akatandika kanga kwanza, akamtazama. Alifyeka hapa, akasogea pale, akapanua kushoto, akapanua kulia, mpaka Apolonia akaona imetosha.

"Punguza, Mfaume," akasema. "Hukuwa mtu mkubwa kiasi hicho."